Neno gumu lisemwe mapema, lisingoje barua

KATIKA ofisi nyingi za umma na katika shule nyingi za Tanzania kuna maneno ambayo kila mtu anayajua, lakini hayasemwi mahali yanapostahili kusemwa. Mkuu wa idara anajua kwamba ofisa wake mmoja analalia majalada kwa majuma. Walimu wanajua kwamba mwenzao wa hesabu haingii darasani vipindi vya asubuhi. Makarani wanajua kwamba mkubwa wao ana ulimi mkali unaowafanya wananchi waogope kufika dirishani. Yote haya husemwa. Husemwa kantini, husemwa ndani ya daladala, husemwa chini ya mwembe wakati wa chai. Mahali yasiposemwa ni pamoja tu: mbele ya mhusika mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa umefungwa.

Badala yake, aghalabu hutokea moja kati ya mambo manne. Mkubwa hunyamaza mpaka ghadhabu imjae, kisha hufoka mbele ya watu. Au huandika barua. Au huomba mtumishi ahamishwe, ili tatizo lihamie kwa mkuu mwingine. Au hutupa vijembe kikaoni, bila kutaja jina, akitumaini kwamba mwenye masikio atasikia. Njia hizi nne zina tabia moja: kila moja humwezesha mkubwa kukwepa kukaa kitako na mwenzake na kumwambia kinachomsumbua. Huo ni woga, ingawa mara nyingi huvaa joho la ukali.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, kwamba taifa lina matatizo makubwa zaidi kuliko maneno ya ofisini. Lakini jalada linalolala ni la mjane anayengoja mafao ya marehemu mumewe. Kipindi kisichofundishwa ni cha mtoto ambaye mwaka kesho atafanya mtihani. Watumishi wa umma wanaposhindwa kuambizana ukweli, wa kwanza kuumia si wao. Ni mwananchi ambaye hayumo kikaoni na wala hajui kwamba kuna ugomvi.

MSTARI MWEKUNDU

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi anayechelewa. Kila asubuhi daftari la mahudhurio huwekwa mezani kwa mwalimu mkuu. Saa moja na nusu ikifika, mwalimu mkuu huchukua kalamu nyekundu, akapiga mstari. Atakayefika baada ya hapo huandika jina lake chini ya mstari huo. Ni chombo kizuri cha kuweka kumbukumbu. Lakini mahali pengi kimegeuzwa kuwa chombo cha kusemea. Mwalimu mkuu huliona jina lile lile chini ya mstari Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hasemi neno. Mwalimu naye huuona mstari, hasemi neno. Wanasalimiana, wanakunywa chai pamoja, wanaulizana habari za nyumbani kwa namna isiyongoja jibu. Baada ya miezi mitatu inafika barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu.

Kuanzia siku hiyo hao si walimu wawili wa shule moja tena, bali ni mshitaki na mshitakiwa. Aliyepewa barua haangalii tena namna ya kuwahi kazini. Anatafuta makosa ya mwalimu mkuu. Anakumbuka fedha za ruzuku ambazo hazikusomwa kikaoni. Anakumbuka siku ambazo mwalimu mkuu mwenyewe aliondoka mapema. Wenzake wanagawanyika, hawa upande huu na hawa upande ule, na hata ratiba ya zamu inakuwa mapambano. Barua iliyokusudiwa kurudisha nidhamu ya mtu mmoja imevunja umoja wa shule nzima.

Na sababu ya kuchelewa je? Huenda ni ulevi. Huenda ni mtoto mgonjwa asiye na wa kumtazama. Huenda ni chumba cha kupanga kilicho mbali, kwa kuwa shule haina nyumba za walimu, na gari lililokuwa likipita alfajiri limeacha kupita. Huenda ni mkopeshaji wa mikopo ile wananchi waliyoipa jina la kausha damu, anayemvizia njiani kila asubuhi. Kila sababu ina dawa yake, na dawa hizo hazifanani. Anayeuguza mtoto anaweza kubadilishiwa vipindi. Mwenye madeni anahitaji ushauri kabla hajapoteza mshahara wote. Mlevi anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba amefika ukingoni, na kusaidiwa kupata tiba. Barua moja ya jumla haiwezi kupambanua haya. Swali moja, lililoulizwa kwa upole juma la kwanza, lingeyapambanua.

Wakati huo huo darasa limekaa bila mwalimu. Kama ni kipindi kimoja mara tatu kwa juma, basi kwa majuma 12 ni vipindi 36. Hakuna barua itakayovirudisha.

URITHI WA TAARIFA YA SIRI

Tabia hii haikuzuka hewani. Utumishi wa serikali uliojengwa na ukoloni ulikuwa na ngazi za rangi kabla ya kuwa na ngazi za vyeo. Bwana shauri hakuona haja ya kuzungumza na karani wake Mwafrika. Alimwamuru, na juu ya tabia yake aliwaandikia wakubwa wengine. Katika hali hiyo ndipo ilipostawi taarifa ya siri: mkubwa anaandika maoni yake juu ya mtumishi, anafunga bahasha, na mtumishi hajui kilichoandikwa. Mtu aliweza kupitwa na vyeo miaka kumi pasipo kujua ni neno gani lililomfunga. Mwaka 1961 bendera ilibadilika, lakini kiti cha bwana shauri kilibaki pamoja na mazoea yake, na taarifa ya siri iliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya Uhuru.

Haina maana kwamba nchi ilikaa kimya. Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 iliunda kamati za wafanyakazi na kuweka kanuni za nidhamu zilizotaja makosa na adhabu zake, ili mtu asifukuzwe kwa sababu tu mkubwa ameamka vibaya. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi. Kisha, mwezi Februari 1971, ukatolewa Mwongozo wa TANU, ambao katika ibara yake ya 15 ulimkataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea wale anaowaongoza.

Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko wakuu wengi walivyotazamia. Katika miaka iliyofuata, hasa kati ya 1971 na 1973, kulitokea migomo mingi viwandani, hususa Dar es Salaam. Katika mingi ya migomo hiyo kilio hakikuwa cha mshahara peke yake. Kilikuwa cha lugha na vitendo vya wakuu: matusi, dharau, kufukuzwa ovyo. Wafanyakazi walikuwa wakisema kwa vitendo jambo ambalo hawakuwa wamepata mahali pa kulisema kwa maneno. Funzo hilo lisisahaulike: maneno yasiyopata kiti ofisini hupata barabara langoni.

Mabaraza ya wafanyakazi yapo mpaka leo, na yana kazi yake. Lakini baraza hukutana kwa nadra, na ajenda yake ni ya wote: bajeti, mipango, maslahi. Haliwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo ya watu wawili. Mtumishi mwenye tatizo lake peke yake, akilisikia likitajwa barazani, atajiona amevuliwa nguo.

Mwaka 2004 lilikuja jaribio jingine, la maana sana. Taarifa ya siri iliwekwa kando, na mahali pake ukaingia mfumo wa wazi wa mapitio na upimaji wa utendaji kazi, ambao watumishi wengi waliujua kwa jina la OPRAS. Msimamizi na msimamiwa walitakiwa wakae pamoja mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakubaliane malengo. Wakutane tena katikati ya mwaka. Na mwezi Juni wapime pamoja kilichofanyika. Kwa hakika huo ulikuwa mfumo wa kuwalazimisha watu wawili wazungumze mara tatu kwa mwaka.

Lakini si siri kwamba katika ofisi nyingi fomu zilijazwa siku za mwisho za Juni. Malengo ya mwaka uliopita yalinakiliwa kama yalivyo, mtumishi akajipa alama, msimamizi akatia sahihi bila kuinua macho. Kilichokuwa mazungumzo kikageuka kuwa karatasi. Katika mwaka wa fedha 2023/2024 ukaanza kutumika mfumo mpya wa kompyuta, PEPMIS, ambamo kazi hupangwa na kupimwa. Ni hatua njema, kwa kuwa kumbukumbu hazipotei na visingizio hupungua. Hata hivyo yafaa ieleweke mapema: kompyuta inaweza kuonyesha kwamba kazi haikukamilika, lakini haiwezi kumwuliza mtu kwa nini. Mkuu atakayeiachia kompyuta kazi ya kusema atakuwa ameirudisha taarifa ya siri kwa mlango wa nyuma.

SHERIA INATAKA NINI

Wapo wakuu wanaoamini kwamba kuzungumza kwanza ni kujidhoofisha, na kwamba barua ndiyo ushahidi. Hao hawajaisoma sheria vizuri. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inatambua haki ya mtu kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inataka kuachishwa kazi kuwe na sababu halali na pia kufuate utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria za kazi zinaeleza kwamba mfanyakazi anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu apewe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na aweze kusaidiwa na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Na pale tatizo likiwa ni utendaji hafifu, mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba alimwelekeza mfanyakazi na kumpa nafasi ya kujirekebisha.

Watumishi wa umma wana pia Sheria Na. 8 ya mwaka 2002 na kanuni zake, na walimu wana Tume yao ya Utumishi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Njia za rufaa zinatofautiana, lakini roho yake ni moja: mtu asihukumiwe kabla hajasikiwa. Mkuu anayeruka mazungumzo na kukimbilia adhabu hajengi kesi yake, bali anaibomoa. Miezi au miaka baadaye rufaa itamrudisha kazini mtumishi yule yule, mwenye kosa lile lile, na sasa mwenye kiburi cha ushindi.

Zaidi ya hayo, kikao cha nidhamu ni mwisho wa safari. Sheria imeweka kiwango cha chini kabisa; haikumkataza mkuu kumwita mtumishi wake miezi sita kabla ya kikao hicho. Na kuhusu ushahidi, hakuna kinachozuia watu wawili waliozungumza wakaandika mistari mitano: tumezungumza siku fulani, juu ya jambo fulani, tumekubaliana hivi, tutatazama tena siku fulani. Kila mmoja akabaki na nakala. Tofauti iliyopo ni hii tu: hapa maandishi yanafuata maneno, wala hayachukui mahali pake.

NAMNA YA KULISEMA

Hoja nyingine inayosikika mara kwa mara ni kwamba si desturi ya Mwafrika kumwambia mtu kosa lake usoni. Hoja hii inawadhulumu wazee. Jamii za nchi hii zilikuwa na njia nyingi za kufikisha neno zito: mshenga, baraza la wazee, na utani. Mpaka leo Mpare anaweza kumwambia Mchaga, na Mchaga Mpare, jambo ambalo likitoka kwa mtu mwingine lingeleta ugomvi, na wote wakacheka huku limeingia. Lakini utani una sheria zake. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake ni mtani, na kila mmoja ana ruhusa ya kujibu. Kijembe cha kikaoni si utani. Anayekitupa hujificha nyuma ya cheo, na anayepigwa hana ruhusa ya kujibu, kwa sababu akijibu ataambiwa, "Mbona hukutajwa jina?" Desturi za wazee zilikusudiwa neno lifike. Kijembe kinakusudiwa liume.

Kwa sasa kijembe kimepata uwanja mpya. Ofisi na shule nyingi zina makundi ya WhatsApp ya kupashana habari za kazi, na baadhi ya wakuu wameyageuza kuwa mahali pa kukaripia. Usiku wa manane mkuu anaandika kwamba kuna mwalimu hakupeleka alama, na kwamba shule haitamvumilia mtu mvivu. Watu hamsini wanasoma. Watu kumi wanaweka alama ya kukubali, kwa kuogopa kuonekana hawakubali. Mhusika anasoma akiwa kitandani, mke wake kando yake. Asubuhi yake mtu huyo hawezi kufundisha kwa moyo. Na anayemtazamia afanye hivyo hawajui wanadamu.

Namna iliyo bora si ngumu kujifunza, ingawa ni ngumu kuizoea. Kwanza, neno lisemwe mapema, kosa likiwa bado dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, lisemwe faragha. Tatu, litaje tendo, lisihukumu utu. Kumwambia ofisa kwamba majalada manne yaliyoletwa kwake mwezi uliopita hayajatoka ni kumpa jambo analoweza kulijibu. Kumwambia kwamba ni mzembe ni kumpa jambo analoweza tu kulikataa. Nne, mwisho wa maelezo liwepo swali, na baada ya swali mkuu anyamaze kweli. Wahenga walisema kuambizana kupo, kusikilizana hapana; na hapo ndipo wakuu wengi wanapoanguka. Wanauliza "kuna nini?" na kabla jibu halijatoka wameanza kuhutubia.

Suala la umri linahitaji kutazamwa peke yake, maana ndilo linalowafunga mdomo wakuu vijana. Mkuu wa shule mwenye miaka 32 atamwambiaje mwalimu mwenye miaka 57, aliyeanza kufundisha kabla yeye hajazaliwa? Wengine huamua kunyamaza kwa sababu ya heshima. Wengine huamua kuwa wakali ili wasionekane watoto. Wote wawili wamekosea, kwa kuwa wanadhani heshima na ukweli haviwezi kukaa chumba kimoja. Aanze kwa shikamoo, tena ya kweli. Amwendee mzee huyo, asimwite kwa kumtuma mwanafunzi. Kisha aseme: "Mwalimu, nimeona nije kwako mwenyewe kabla sijasikia kwa watu. Juma hili na lililopita Kidato cha Pili hawakupata kipindi cha Jumatatu wala cha Jumatano. Nini kimetokea, na mimi nifanye nini upande wangu?" Katika maneno hayo hakuna utovu wa adabu, na hakuna lililofichwa. Mzee anayeheshimiwa namna hiyo ataona aibu kudanganya.

Anayeambiwa naye ana wajibu. Mtumishi anapoitwa kuelezwa kasoro yake, jibu la kwanza linalomjia ni kwamba anaonewa: mkubwa ana chuki binafsi, mkubwa anapendelea watu wa kwao, kuna mtu amepeleka maneno. Huenda wakati mwingine ni kweli. Lakini kabla ya kusema hivyo, na ajiulize kama jambo lililotajwa lipo au halipo. Kama lipo, ubaya wa aliyelitaja hauliondoi. Mtumishi aliyekomaa huomba mifano, husikiliza, hueleza upande wake, na huomba muda wa kufikiri pale anapohisi hasira inapanda. Hilo si unyonge, ni kujiheshimu.

NENO LA MDOGO KWA MKUBWA

Mazungumzo magumu kuliko yote ni yale yanayopanda ngazi. Karani anapoona mkuu wake anakosea, anafikiri kwanza juu ya watoto wake. Anajua kwamba hatafukuzwa, atahamishwa. Akufukuzaye hakwambii toka. Atapelekwa kituo cha mbali na familia yake, barua ikisema kwamba ni kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo ananyamaza, na ofisi nzima inanyamaza, na mkuu anadhani ukimya huo ni utulivu.

Mkuu asiyeambiwa ukweli na walio chini yake hakosi kuusikia. Huusikia kwa mkaguzi, au kwa wananchi waliokwisha choka, na hapo huwa umechelewa. Wakati mwingine huusikia katika mkutano wa hadhara, pale kiongozi wa siasa akiwa ziarani anapomsimamisha mtumishi mbele ya umati na kumtaka ajibu tuhuma papo hapo. Umati hushangilia, na ni haki wananchi kutaka majibu. Lakini mtu aliyesimamishwa juani mbele ya kipaza sauti, bila jalada mkononi, hajasikilizwa. Viongozi wanaotaka wakuu wa idara waache kuwafokea watumishi hawana budi kuwa wa kwanza kutowafokea wakuu wa idara. Mto huchafuka kuanzia chemchemini.

Mdogo mwenye neno kwa mkubwa ana njia ambazo hazimwangamizi. Achague saa ambayo mkuu hana haraka wala hasira. Ataje madhara ya kazi, si kasoro za mtu: kwamba wananchi wawili wameondoka dirishani bila kuhudumiwa baada ya kufokewa, na mmoja alikuwa amesafiri kutwa nzima. Akihofia kwenda peke yake, yuko mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, ambaye kazi yake si kungoja mwaka ugeuke ili abebe bango la Mei Mosi. Na mkuu mwenye busara hatangoja mdogo apate ushujaa. Atatenga saa moja kwa juma, ijulikane na wote, na wa kwanza atakayeingia na neno chungu atatoka akiwa salama. Mtu mmoja akitoka salama, wengine kumi watathubutu.

MPAKA WA MAZUNGUMZO

Yote hayo yakisemwa, ni lazima uwekwe mpaka. Si kila jambo ni la kuzungumzwa faragha likaisha. Mali ya umma ikiibwa, ripoti itolewe. Mkubwa akidai ngono ili atoe ajira, cheo au uhamisho, hilo si kosa la mwenendo la kusameheana chumbani. Ni jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007. Mwalimu akimgusa mwanafunzi, mkuu wa shule anayewaita wazazi ili wamalizane kienyeji anakuwa mshiriki. Katika mambo ya namna hiyo kumwambia mtumishi dhaifu aende akazungumze na aliyemdhulumu ni kumrudisha kinywani mwa simba. Mazungumzo ni dawa ya kasoro za kazi na migongano ya watu wenye nia njema. Hayawi kamwe kichaka cha kuficha uhalifu.

Basi nini kifanyike? La kwanza, wakurugenzi na makatibu wakuu wakatae kupokea ombi la kumhamisha mtumishi kwa sababu ya utendaji au mwenendo, kama halina kumbukumbu ya mazungumzo mawili yaliyofanyika na yaliyokubaliwa ndani yake. Agizo hilo halihitaji fedha. La pili, Chuo cha Utumishi wa Umma na Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu kule Bagamoyo viwafundishe wakuu jambo hili kwa mazoezi, mmoja akiwa mkuu na mwingine mtumishi, mpaka ulimi uzoee. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kusoma waraka. La tatu, mapitio ya katikati ya mwaka yafanyike ana kwa ana, kompyuta ifunguliwe baada ya watu kwisha kuzungumza.

Taifa huru halijengwi na watu wanaoogopana. Mtumishi wa umma ambaye hawezi kumwambia mwenzake wa meza ya pili kwamba amekosea hataweza kumwambia waziri kwamba takwimu si za kweli, wala tajiri kwamba kiwanja hicho ni cha shule. Ujasiri wa mambo makubwa huanzia katika haya madogo. Kesho asubuhi, mwalimu mkuu atakapoliona tena jina lile lile chini ya mstari mwekundu, aifunike kalamu, ainuke, akamtafute mwenye jina.